Visogo vya Watazamaji

Nilikuwa nimecheza ngoma miaka tisa kabla mume wangu hajaandika hata barua ya gazetini. Naliweka wazi mapema, kwa sababu kitabu chake kilipotoka, Igogo nzima ilisahau jina langu. Nikawa mke wa mwandishi.

Kitabu kilihusu watu waliohamishiwa kijiji kipya, mihogo yao ikabaki inaoza shambani. Wengine walisema ameitukana serikali, wengine walikisoma wakiwa wamekifunika kwa gazeti. Balozi wa nyumba kumi alikuja mara tatu kuuliza tunapokea wageni gani. Mimi ndiye niliyemchemshia chai, mwandishi akiwa chumbani anaandika kingine.

Lakini lililoniuma zaidi ni kwamba hakuwahi kuja kunitazama nikicheza. Alidai ngoma zinamvurugia mawazo.

Mwaka huo, baada ya mavuno, niliteuliwa kuongoza mstari wa mbele kwenye mashindano, mwanamke wa kwanza katika kikundi chetu. Kwetu Wasukuma ngoma mbili huchezwa uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na hakuna jaji. Watazamaji wanakojaa, ndiko kwenye ushindi. Nilijizoeza kurusha jembe juu na kulidaka mpaka viganja vikachubuka. Mume wangu nilimsihi aje, kisha nikamnunia wiki nzima, mpaka akakubali.

Tulianza vibaya. Wapinzani walileta chatu, watu wote wakawakimbilia. Nilikuwa nimeanza kukata tamaa nilipoona umati unageuka na kumiminika kwetu. Nikacheza kama niliyepagawa. Upande wa pili wakabaki na chatu wao na vizee vichache. Nilifurahi mno, sitaficha.

Nikainua macho nitazame nyuso zao, nikaona visogo. Walikuwa wametupa mgongo. Mume wangu alikuwa amefika, amesimama nyuma kabisa na miwani yake, na watu walikuwa wanaoneshana kwa vidole kwamba ndiye yule.

Ushindi tulipewa sisi. Manju wetu, mzee aliyenifundisha ngoma tangu usichana, alinishika mkono akicheka.

"Mwakani umlete tena mumeo, mwanangu," alisema.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Mume wangu alinibebea jembe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Sikujua kama watu wanakupenda hivi," aliniambia, na alikuwa anasema kwa moyo mweupe.

Nilitamani kumnyang'anya lile jembe nimpige nalo. Mtu aliyeweza kuona mihogo ikioza wilaya nzima hakuona kilichotokea mbele ya pua yake. Sikumwambia. Ningemwambia, angekiandika.

Mwaka uliofuata nilimwomba abaki nyumbani, akashukuru. Tulishindwa vibaya sana. Waliobaki upande wetu walikuwa wachache kiasi kwamba niliweza kumwona kila mmoja sura yake, na wote walikuwa wanatazama miguu yangu.