Walpurga na Ukurasa wa Kalenda

Bwana Jodok Rebstein, daktari wa sheria wa hapa Strasburgi, alichukua msiba wangu akaufanya kichekesho, kisha akauchapisha.

Nilimpikia miaka kumi na mmoja. Hakuwa mtu wa kutulia. Alikula amesimama, kitabu cha Kilatini mkononi, na supu ya njegere haijachemka alikuwa kesharudi jikoni. "Haya Walpurga, leo nani kafanya ujinga?" Mapadri, walevi, mahakimu, wote aliwatungia mashairi ya kuwasuta. Tulicheka pamoja.

Siku moja nikamwambia langu. Diebolt, mume wangu, alizama mtoni bila kuungama. Mchuuzi akaniuzia hati ya msamaha wa dhambi, ya kuitoa roho yake toharani. Niliibandika ukutani, nikaipigia magoti kila asubuhi, miaka tisa. Sijui kusoma. Binti wa kaka yangu alipoiona akasema, "Shangazi, hii ni kalenda. Inataja siku nzuri za kutoa damu mwilini."

Bwana akauomba ule ukurasa, eti autazame. Wiki iliyofuata akaja mchonga mbao za kuchapia picha vitabuni, akakaa ananikodolea macho nikikata kabichi. Kitabu cha mashairi ya bwana kilipotoka nikajiona: kilemba changu chenye kiraka, kidevu changu, magoti chini mbele ya kalenda, kengele kichwani, alama ya mjinga.

Kwenye sherehe za kabla ya Kwaresima, vijana wa wachinjaji walipiga magoti mlangoni pa bwana, wamevaa vilemba vyenye viraka. "Mama Walpurga, marehemu katoka, au bado kakwama Alhamisi?"

Sasa kitabu kinachapwa tena baada ya Pasaka. Nilimwambia, "Bwana, ule ubao wa picha yangu upigwe randa, ufutike."

"Mbona na mimi nimo, ukurasa wa kwanza, na masikio ya punda?"

"Masikio ulijichagulia, bwana. Mimi nilikuwa nakata kabichi."

Akazunguka meza mara mbili. "Jina lako sikulitaja."

"Wale vijana hawajui kusoma, na mlango waliujua."

Akachukua kofia akatoka. Nami nikafunga mzigo wangu. Tangu hapo nafua nguo, leo nyumba hii, kesho ile, popote wasiponitambua.

Ubao bado uko kwa mchapaji. Kuupiga randa ni kazi ya muda mfupi. Na ukurasa wangu hajaurudisha. Kalenda au si kalenda, ndio niliomwombea nao Diebolt. Hayo mawili namdai Bwana Jodok mpaka leo.