Simu Inayokataa Vidole vya Mama Povu

Jua ndiyo kwanza linachomoza, lakini ndani ya chumba cha kufulia cha hoteli hii mvuke umeshatanda mpaka kwenye taa. Mashine nne zinanguruma. Kwenye sinki la pembeni, mwanamke mfupi aliyevaa aproni ya plastiki ameinamia shuka jeupe, anasugua doa la mvinyo kwa dole gumba. Kila akisugua mara mbili tatu, anainua macho kuitazama simu iliyoegemezwa rafuni, kwenye chupa ya dawa ya madoa.

Simu inalia.

Shuka linaanguka sinkini. Mama anajifuta mkono kiunoni haraka haraka, anatelezesha kidole juu ya kioo. Wapi! Anatelezesha tena, na tena. Simu inalia tu, kama vile hakuna aliyeigusa. Ndipo anapoinamisha uso na kuipokea kwa pua.

"Haloo! Haloo, mwanangu!"

Si mwanawe. Ni sauti iliyorekodiwa, inamtangazia ofa ya vifurushi. Anaikata, kwa pua vilevile, kisha anasonya.

"Siku nikifa kwa presha, mjue ni vifurushi vimeniua," anamwambia mpiga pasi wa meza ya jirani. Mpiga pasi anacheka. Mwenyewe hacheki.

Hapa kazini wanamwita Mama Povu. Yeye anasema jina hilo limetokana na sabuni. Mpiga pasi anasema limetokana na mdomo. Mama Povu ana binti mmoja tu, aliyeolewa mji mwingine, safari ya kutwa nzima kwa basi. Binti huyo ana mimba iliyotimia miezi tisa na siku yoyote sasa atapelekwa hospitali. Mama Povu hawezi kupata likizo hadi mwisho wa mwezi. Kwa hiyo anachoomba kwa sasa ni kimoja: binti akipiga, apokee.

Anayemwona akiruka kila simu inapolia anaweza kudhani ana wasiwasi wa bure. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mwaka jana binti huyohuyo alipata mimba ya kwanza, ikaharibika. Siku hiyo alimpigia mama yake tangu asubuhi. Enzi hizo Mama Povu alikuwa na simu ndogo ya vitufe, na simu hiyo ilikuwa imefungiwa kabatini kwenye chumba cha kubadilishia nguo, kama utaratibu wa kazi ulivyotaka. Habari alizipata jioni, kutoka kwa mkwe wake.

"Mwanangu ananiita, mimi nafua mashuka ya watu nisiowajua," anasema. Halafu analikamua shuka kwa nguvu kuliko linavyohitaji.

Mimba ya pili ilipoingia, alimwendea msimamizi wake, mwanamke asiye na mchezo, akamweleza kila kitu. Msimamizi akamruhusu kuweka simu rafuni. Baada ya hapo Mama Povu akaenda dukani kutafuta simu itakayoweza kukaa karibu na sinki.

"Nilikuwa na swali moja tu: inavumilia maji? Muuzaji akaitumbukiza kwenye bakuli mbele ya macho yangu, akaitoa, bado inapiga muziki. Nikasema, hii ndiyo yangu."

Bei yake ilikuwa zaidi ya mshahara wake wa miezi miwili. Aliilipa bila kupepesa macho. Siku ya kwanza tu kazini ikamtoa jasho: tone la maji likidondoka kwenye kioo, simu inafungua vitu asivyovitaka, kidole chenye maji kikiigusa, haisikii.

"Niliuliza kama simu inavumilia maji. Sikuuliza kama inavumilia mikono yenye maji. Sasa nimlaumu nani?"

Hata ikikauka, mikono hiyo haina bahati. Dawa ya madoa imekula ngozi ya vidole mpaka mistari imefutika. Pale dukani muuzaji alijaribu kusajili alama ya kidole ili simu imtambue mwenyewe. Akajaribu kidole hiki, akajaribu kile, mpaka vikaisha. "Akaniuliza, mama, huna kingine? Nikamwambia, labda nivue viatu."

Na glavu je? Anaangua kicheko cha dharau. Doa la damu na doa la kutu yanafanana kwa macho, anaeleza, ila kwa kidole hayafanani, na ukikosea dawa umelichoma shuka la watu.

Usidhani lakini kwamba anaichukia simu yake. Ukimuuliza kuhusu betri, ataisifu kama anayesifu mkwe. Tochi yake anaitumia kukagulia kola za mashati. Vifaa vya kuweka masikioni ndivyo hataki kuvisikia, maana kila wiki anavikuta mifukoni mwa suruali za wageni, vidogo kama punje za maharagwe. "Aliyevitengeneza hajawahi kufua suruali," anasema.

Kwa nini basi asirudi kwenye simu ya vitufe, ambayo angeipokea hata akiwa na povu hadi mabegani?

"Ile ilikuwa inaniletea sauti tu. Ananiambia, 'Mama, mimi mzima,' naamini. Kwenye hii namwona macho. Najua kama amelala, najua kama amelia. Siwezi tena kurudi kwenye kudanganywa."

Wiki iliyopita simu ililia akiwa na povu hadi viwikoni. Akajaribu pua, pua nayo ilikuwa na povu. Mpiga pasi akatupa kazi yake na kukimbilia rafuni, lakini hakuwahi. Lilikuwa jina la binti. Wakampigia: hapatikani. Wakampigia tena: hapatikani.

"Nilijikaza kisabuni mbele za watu, lakini wapi," anakumbuka. Alikaa juu ya kapu la nguo chafu, amekumbatia simu. Nyuma yake foronya ya watu ilikuwa inaungua chini ya pasi, na hakuna aliyejali.

Binti alipopatikana, kumbe alitaka tu kuuliza jinsi ya kutoa doa la mafuta kwenye nguo za mtoto, chaji ikamwishia. "Nilimgombeza kweli. Kisha nikalia."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Akiulizwa ana mpango gani, Mama Povu hasiti: mwisho wa mwezi anapanda basi. Huko atafua nguo za mjukuu kwa mkono, kwa sabuni ya mche peke yake, bila dawa kali. "Mtoto apate nguo laini, na mimi nipate vidole. Huenda na simu ikanitambua."

Hajamaliza kucheka, simu inalia. Ni binti, anapiga kwa video. Mikono ya Mama Povu imelowa. Anainama na kutelezesha pua, kioo kinafunguka.

"Mama, naona pua tu. Rudi nyuma kidogo."

Anarudi nyuma. Binti amelala kwenye kitanda cha hospitali, jasho limemjaa usoni; mumewe ndiye aliyeshika simu.

"Uchungu umeanza tangu usiku, mama," anasema mkwe. "Tulisubiri tuwe na uhakika, tusikutie hofu."

"Wananipeleka ndani sasa hivi," anasema binti. "Usikate, Mama. Nikitoka nikukute hapohapo."

"Nikate na nini, mwanangu? Kwa vidole hivi?"

Binti anacheka, halafu uso unamkunjamana na cheko linakatika. Kitanda kinaanza kusukumwa. Picha inatikisika, inaonyesha dari, kisha inaingia giza. Mkwe ameitia simu mfukoni. Zinasikika hatua na mlango ukifungwa.

Mpiga pasi anazima mashine moja baada ya nyingine mpaka chumba kinatulia. Msimamizi anachungulia mlangoni, anaona, anaurudishia mlango polepole.

Mama Povu amesimama mbele ya rafu, macho kwenye kioo cheusi. Mikono ameificha mgongoni, maji yanadondoka sakafuni. Anaogopa simu isije, leo hii, ikakubali kidole chake.