Mtoto wa Adelina na Jua la Mtwara

Ipo siku moja ya ujana wangu ambayo sijawahi kuisimulia hapa kwetu Murukulazo, Ngara, mwanangu, na leo nitakusimulia wewe kwa sababu umeniuliza. Ulikuja na simu yako ukanionyesha tangazo la ajira, ukasema, "Shangazi, nimepangiwa kufundisha Mtwara. Wewe ulishafika. Kukoje huko?" Nikakujibu, "Kuna joto," halafu nikaingia ndani. Ukadhani nimechoka na palizi ya maharage. Sikuwa nimechoka, Editha. Niliona aibu, na aibu ya zamani haina tofauti na mwiba uliozama: unaweza kutembea nao miaka mingi, lakini ukikanyaga vibaya unaukumbuka.

Unamjua shangazi yako mdogo, Adelina. Unamjua kwa picha na kwa sauti ya simu. Mimi nilimbeba mgongoni. Mama yetu alipofariki nilikuwa darasa la sita, na baba akasema mmoja wetu abaki nyumbani. Mkubwa nilikuwa mimi, na baba yako alikuwa bado ananyonya. Nikabaki. Nikalima, nikapika, nikauza ndizi, na Adelina akasoma. Akawa muuguzi, akapata kazi Biharamulo, na huko akakutana na Bonifasi, bwana misitu aliyetoka kusini. Wakafunga ndoa. Baadaye Bonifasi akahamishwa kurudi kwao Mtwara, na mdogo wangu akamfuata mumewe.

Watu husema hasidi hana sababu. Mimi nilikuwa nazo, mwanangu, tena nilizihesabu kila jioni. Shule yangu aliisoma yeye. Mikono yangu ilikuwa na sugu, yake ilikuwa laini. Na mimi nilikuwa kwenye ndoa mwaka wa tano bila mtoto, mama mkwe wangu akinitazama tumbo kabla hajaitikia shikamoo yangu. Halafu ikaja habari kwamba Adelina amejifungua mtoto wa kike, Sesilia. Nilipiga vigelegele pamoja na majirani, nikaenda nyuma ya nyumba nikakaa kwenye migomba. Sikulia. Nilikaa tu nikang'oa majani makavu.

Mtoto alipofikisha miezi minne Adelina akaniandikia barua: "Dada, njoo umwone mwanao. Bonifasi atatuma nauli. Lakini nisikilize. Njoo na nguo nyepesi za pamba. Sweta la safari likutoshe, la mtoto usilete. Ukifika usitoke nje mchana. Huku jua si la kwetu."

Barua ya mapenzi hiyo. Mimi niliisoma nikaona mdogo wangu ananiringia. Sasa hata jua analo la kwake! Aliyemfundisha kushika jembe ni mimi, leo ananifundisha kuvaa? Basi unajua nilifanya nini? Nilinunua nyuzi za sufu za rangi ya waridi, nikafuma sweta la mtoto, zito, lenye vifungo hadi kidevuni, na kofia yake. Kila usiku wa baridi nilifuma, na kwa kila fundo la uzi nilisema moyoni: tutaona.

Nilisafiri siku nne. Nililala Biharamulo kwa ndugu wa baba, nikapanda basi, nikabadilisha basi, hadi nikashuka Mtwara saa nane mchana. Mwanangu, wewe umezaliwa kwenye ukungu. Hapa kwetu hata Januari asubuhi unajifunika blanketi. Nilipotia mguu nje ya basi nilidhani kuna mtu anachoma shamba karibu. Hewa ilikuwa nzito, imelowa, inakubana kifua. Jasho lilinitoka hadi kwenye kope.

Adelina alikuja kunipokea akiwa na kanga mbili na chupa ya maji. "Kunywa kwanza, dada," akasema, "salamu zitafuata." Nikamwambia sina kiu. Nilikuwa nayo, tena kali. Lakini niliona alivyonawiri, nikasikia Kiswahili chake kilivyonyooka kama cha watu wa huko, wakati mimi bado nasema "kalibu" na "habali". Nikayakataa maji yake.

Wiki ile nzima niliyakataa yote. Aliniambia nioge asubuhi na jioni, nikamwambia maji mengi yanachubua ngozi. Aliniambia nipumzike mchana kama wenyeji, nikachukua jembe kupalilia mchicha nyuma ya nyumba, kichwa kikagonga hadi usiku. Aliniambia chakula kikilala huku kinachacha, nikala maharage ya jana kama tunavyofanya kwetu, nikashinda chooni. Na lile sweta nilipompa alilipokea kwa mikono miwili, akasema, "Asante, dada, ni zuri sana," akalikunja akaliweka juu ya kabati. Kila nilipopita chumbani nililiona pale juu. Nikasema, zawadi yangu haifai hata kwa siku moja.

Ikaja siku ya kumi. Bonifasi alikuwa safari ya kikazi msituni. Jirani alifiwa, na Adelina akaenda msibani. Alimnyonyesha Sesilia, akaniwekea mikononi. "Ameshiba, dada. Kaa naye barazani, kuna upepo. Saa saba nitakuwa nimerudi. Nakuomba, usitoke naye jua hili."

Nikasema ndiyo. Alipopotea kwenye kona nikaingia chumbani nikalishusha sweta.

Usidhani nilitaka kumdhuru. Naapa mbele ya Mungu. Nilimvika, nikamfunga vifungo vyote, nikamvika kofia, nikamwona amekuwa mtoto wa kwetu, mtoto wa Ngara, kana kwamba ni wangu. Nikambeba mgongoni na kitenge kizito, nikaenda sokoni. Ilikuwa saa tano inaelekea saa sita.

Pale sokoni kulikuwa na mama mtu mzima akikaanga samaki chini ya paa la makuti. Wote walimwita Bi Somoe. Akaniita, "Hongera, mama! Mtoto mzuri. Wa kwanza?"

Mwanangu, ningeweza kusema ni wa mdogo wangu. Maneno hayo ni mafupi tu.

"Wa kwanza," nikajibu.

"Anaitwa nani?"

"Sesilia."

"Karibu sana, mama Sesilia."

Mama Sesilia! Miaka mitano nilikuwa naitwa mke wa fulani, au naitwa kwa jina langu kama msichana, na kwetu unajua maana yake. Nikaenda kwa muuza nyanya ili aniulize naye. Nikaenda kwa muuza vitenge. Kila aliyeuliza nilimjibu, na kila jibu lilikuwa tamu kuliko lililotangulia. Niliporudi kupita kwa Bi Somoe, akanyoosha shingo akamtazama mtoto.

"Mama Sesilia, mbona umemvika sufu? Anaumwa?"

"Kwetu ndivyo tunavyovika watoto."

"Kwenu ni kwenu. Hapa ni Mtwara. Mvue, mama."

Nikakunja uso nikaondoka. Naye tena ananifundisha! Nikatembea hadi mwisho wa soko, juani, nikimwambia mtoto maneno ya kwetu. Muda ukapita ndipo nikahisi kichwa chake kinagonga mgongo wangu ovyo, huku na huku, kwa kila hatua. Nikamwita. Kimya. Nikamzungusha mbele. Uso ulikuwa mwekundu, mkavu, wa moto, na macho yalikuwa nusu wazi hayanioni.

Nilikimbia kwa Bi Somoe kwa sababu sikumjua mtu mwingine. Hakuuliza kitu. Alimpokea, akavunja vifungo vya sweta kwa kuvivuta, akamvua yote, akachovya kanga kwenye ndoo akampangusa kichwa, kwapa na mapaja, mwenzake akipepea kwa ungo. Mtoto akafumbua macho kidogo, akalialia kama paka.

"Mpe ziwa!" Bi Somoe akanipigia kelele. "Upesi, mpe ziwa anyonye!"

Nikasimama.

"Wewe mama, husikii? Mnyonyeshe mwanao!"

"Sina," nikasema.

"Huna nini?"

"Sina maziwa. Si wangu. Ni wa mdogo wangu."

Wanawake wote walioniita mama Sesilia asubuhi ile walikuwa pale. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Bi Somoe alimwinua mtoto akatembea naye mbio hadi zahanati, mimi nyuma yake, na mtu akatumwa msibani. Adelina aliingia bado amejitanda kanga kichwani, akamwona mwanawe anawekewa vitambaa vilivyolowa, akaona sweta mkononi mwangu. Hakunitukana. Alimchukua mtoto, akampa ziwa, akawa anasubiri. Tulisubiri sote. Sijui ilikuwa muda gani. Sesilia akavuta mara moja, akaacha. Akavuta tena. Halafu akaanza kunyonya kwa nguvu, na mganga wa zahanati akasema, "Haya, huyu amerudi."

Nilitoka nje nikaketi ukutani. Bi Somoe akanifuata na kikombe cha maji. Safari hii nilikunywa.

"Mwanangu," akasema, "mgeni ni kuku mweupe. Ulivyozunguka soko zima tulikuona. Na mimi nimezaa saba. Ningekutazama vizuri ningejua tangu mwanzo kwamba hunyonyeshi. Kutamani mtoto si kosa, wala kuitwa mama kwa saa moja hakuui mtu. Kosa lako ni kwamba ulikuwa unashindana. Usisafirie nyota ya mwenzio. Mimi sitasema kitu. Lakini mwenye mtoto ana haki ya kujua, na utamwambia wewe."

Siku tatu Adelina hakunipa mtoto. Tulikula pamoja, tuliitikiana, lakini nikikaribia kitanda alisimama katikati. Siku ya nne nilimkuta anapepeta mchele, nikapiga magoti, mimi mkubwa, nikamwambia yote: barua, nyuzi za waridi, sweta, jina la mama Sesilia. Nikamwambia, "Nilikuonea wivu tangu ulipovaa sare ya shule yangu."

Aliacha ungo. Akafuta mikono kwenye kanga.

"Dada," akasema, "ungeniomba."

"Nikuombe nini?"

"Ungesema tu, Adelina, nipe mtoto nitembee naye watu waniite mama. Ningekupa. Ningekuchagulia asubuhi kukiwa na ubaridi, ningekufunga mwenyewe mgongoni." Kisha akaanza kulia kwa hasira. "Ungeniulia mwanangu kwa kitu ambacho ningekupa bure!"

Kesho yake, alfajiri jua halijachomoza, aliniamsha. Alimfunga Sesilia mgongoni kwangu kwa kanga nyepesi, miguu wazi, kichwa wazi. Akasema, "Nendeni mkamsalimie Bi Somoe. Mrudi kabla ya saa mbili." Alilivuta fundo la kanga mara mbili, kisha akatufungulia mlango.

Sesilia sasa ni mtu mzima, anafanya kazi mjini na ana watoto wake. Adelina alimweleza habari ile alipokuwa msichana. Sesilia hunipigia simu kila sikukuu, na ananiita mama mkubwa. Mimi Mungu hakunijalia kuzaa. Nimewalea ninyi watoto wa mdogo wangu, na hiyo si kidogo.

Basi nisikilize. Mtwara, kunywa maji kabla kiu haijaja, maana huko kiu huchelewa kukuambia. Shughuli zako zifanye asubuhi. Saa sita hadi saa tisa tafuta kivuli, na usione haya kupumzika, wenyeji si wavivu, wamelijua jua lao. Vaa pamba. Oga mara mbili. Chakula cha jana usile. Lala ndani ya chandarua hata ukiona joto, fungua dirisha. Ukikuta mwezi wa Ramadhani, usitafune barabarani mbele ya waliofunga. Bahari usiizoee kama mto wetu Ruvubu: maji hupwa yakaenda mbali, ukafuata mchanga, nayo yakarudi nyuma yako. Uliza wenyeji kabla ya kwenda. Salimia kila mtu, na mwenyeji akikuambia "vua" au "kunywa" au "rudi ndani", fanya kwanza, maelezo uyaombe baadaye. Ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba jicho.

Na hili la mwisho ni zito kuliko joto. Utawakuta walimu wenzako wamekutangulia, wana nyumba, wana wachumba, wana Kiswahili laini. Kitakuchoma. Usiniambie hakitakuchoma. Mimi mwenyewe jana nilipokuona unapanga vitabu vyako, nilikuonea wivu, kwa sababu hiyo ni safari ambayo hakuna aliyenituma. Nimekuambia ili ujue kwamba hata mzee wivu humpata. Wivu ukija, usiuvalishe nguo ya ujuzi wala ya ukubwa. Nenda kwa mwenye kitu, mwambie kwa kinywa chako, "Natamani." Wengi watakupa kuliko unavyodhani, na asiyekupa hatakuwa amekudhuru.

Nenda, Editha. Mungu akutangulie njiani, akupe kivuli mchana na usingizi usiku. Watoto utakaowafundisha wakupende, na wazee utakaowasalimu wakuitikie kwa moyo. Ukapate chako, na kikikuchelewa, ukafurahie cha mwenzio bila kuumia. Nimekubariki kwa mikono yangu yote miwili.