Dereva wa Fuso na Ugonjwa Nilionyimwa Kwenye Zahanati Yangu

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza. Niliishia darasa la tano, lakini leo uliza Majengo zahanati yenye bati la kijani ni ya nani, utaletwa kwangu. Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa ndoo na dekio, kwenye zahanati ya mtu mwingine. Mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, Mmatengo mmoja mpole, akaniambia, "Utapiga deki kila chumba, utasikia mengi. Ukitoka humu, umesikia maji tu." Nikashika. Baadaye nikapelekwa Madaba kusafisha vidonda, nikarudi na akiba yangu, nikajenga.

Kwangu nikamwajiri Rehema, tabibu, binti mwembamba asiyejua kubembeleza mtu.

Rafiki yangu mmoja, mfanyabiashara wa mahindi, alikuwa akiwatibisha wafanyakazi wake wote kwangu kwa mkataba. Dereva wake wa Fuso akaanza kuja mara kwa mara. Basi bosi wake, huyo rafiki yangu, akanijia na kuku mkononi.

"Ndugu yangu, kijana anaumwa nini? Nimpe pole."

Kwetu humpi mtu pole bila kujua anachoumwa, kwa hiyo sikuona ubaya. Ila akaongeza, "Kama ni lile gonjwa, gari nampa mwingine."

Nikaingia kwa Rehema. Alikuwa anakunywa uji.

"Binti, yule dereva anaumwa nini?"

"Muulize mwenyewe, mzee."

"Mimi ndiye ninayekulipa."

"Unanilipa nitibu. Siri ya mgonjwa ni yake, na sheria inanibana nisiitoe bila ridhaa yake. Wewe hukumtibu, umejenga tu."

"Nimejenga tu?"

"Na umejenga vizuri. Angekuwa hafai kuendesha, ningempa ED." ED ni cheti cha mapumziko, na huwa hakiandikwi ugonjwa. "Ukitaka kunifukuza, nimalizie uji kwanza."

Nikasimama pale kama mgonjwa anayesubiri namba. Wakubwa wangu wote niliowahi kuwatii walikuwa wanaume wenye mvi. Huyu ningeweza kumzaa. Nikatoka nje.

"Sijui," nikamwambia bosi.

"Mwenye zahanati hujui?"

"Sijui. Mpelekee kijana huyo kuku, umpe pole ya jumla."

Hakucheka. Aliondoka na kuku wake, na wiki ile ile akawahamishia wafanyakazi wake kituo kingine. Ila gari hakumnyang'anya kijana, maana hakuwa na la kushika.

Sasa nimestaafu mapema, kwa sababu najiweza, na funguo anazo Rehema. Dereva yule bado anapita na Fuso kuelekea barabara ya Njombe, akiniona barazani anapiga honi. Anachoumwa sikijui mpaka leo, wala sijaulizia tena. Vijana wanaoanza kazi nawaambia wakae karibu na Rehema, wamwangalie anavyofanya. Nilimwongezea hata mshahara, mwaka ule ule mkataba wa yule bosi ulipopotea. Mkataba wenyewe ulikuwa wa shilingi milioni tisa, laki mbili na elfu sitini kwa mwaka.