Zizi la Amiba

Naipanoi binti Lesikar alizaliwa Sekei, chini ya Mlima Meru. Mwaka 1956 alikuwa amebakiza jambo moja tu ili apate cheti cha ualimu: kufundisha somo mbele ya mkaguzi. Baba yake, Lesikar, alikuwa amekwisha kumwonya kwamba akishindwa atarudi nyumbani, na habari za chuo zitakoma. Somo alilopangiwa lilikuwa amiba.

Kiumbe huyo ana seli moja tu. Naipanoi alimwona kwa hadubini ya chuo, katika tone la maji ya dimbwi. Alimwona akitoa mguu mahali pasipokuwa na mguu, mwili ukaufuata, kisha mguu ukapotea. Kitabu cha chuo kilionyesha mfuko wa ute wenye kiini, basi. Jambo hilo lilimkera.

"Ute haujisukumi," alimwambia mkufunzi wake, Magdalena. "Uji ukimwagika mezani huenda kule meza inakoinamia. Huyu alikuwa akienda anakotaka. Ndani mwake mna fito."

"Umeziona?"

"Bado."

"Basi, mwanangu, chora mfuko upate cheti. Ubishi hauozi, utaukuta baadaye."

Kabla ya mtihani alilijaribu somo lake kwa watoto wa darasa la tano, katika shule moja magharibi ya Mlima Meru. Karibu wote walikuwa watoto wa wafugaji. Aliwasimamisha uwanjani kwa duara, akampa kila mmoja ufito, akazifunga fito kwa kamba imara zilizopita viunoni mwao, kisha akaliamuru duara hilo, lililofanana na zizi, litembee. Wa mbele walivuta, wa nyuma wakaanguka, kamba zikawakaba viuno.

"Mwalimu," msichana mmoja aliuliza huku akijipangusa magoti, "kwenu zizi huhamishwa kwa kukokotwa?"

Darasa zima likacheka, naye akacheka. Kwao Sekei walilima migomba na kahawa, na ng'ombe walikaa bandani. Hakuwahi kuhamisha zizi maishani mwake.

Wakamfundisha. Masika yakilijaza zizi tope, halibomolewi lote. Safu mpya ya miiba hujengwa mbele, penye ardhi kavu. Ikishikana sawasawa, miiba ya nyuma huondolewa na kupelekwa mbele tena. Yupo anayesimamia: hapa ongeza, pale acha, huu kata. Kila mwiba hukaa ulipochomekwa hadi utakapong'olewa, lakini zizi limehama, na ng'ombe wamo ndani.

Leo twajua kwamba fito za namna hiyo zipo. Ni nyuzi za aktini, protini iliyomo pia katika misuli yetu. Kila uzi umeundwa kwa chembe zilizoungana kama shanga. Chembe huongezwa kwenye ncha ya mbele, inayousukuma utando wa seli, na hubanduka nyuma ili zitumike tena. Protini nyingine husimamia kazi: ipo inayoziba ncha ili uzi usirefuke, ipo inayoukata, na ipo inayoanzisha tawi. Wakati ule maarifa hayo hayakuwamo katika vitabu vyetu, na Naipanoi hakuwa na shahidi.

Siku ya mtihani watoto walilihamisha zizi lao la fito bila kosa. Darasani Naipanoi alichora amiba kwa mistari kamili, na fito za ndani akazichora kwa nukta. Mkaguzi, Mwingereza aliyekijua Kiswahili vizuri, akasimama.

"Hizi zimetoka kitabu gani?"

"Hazimo kitabuni, Bwana Mkaguzi. Nimewaambia watoto kwamba mstari kamili ni jambo lililoonekana, na nukta ni jambo tunalolitafuta."

"Mwalimu hafundishi asichokiona."

"Mfuko mtupu unaojisukuma nao hakuna aliyeuona, bwana, na kitabu kimeuchora kwa mstari kamili."

Nyuma ya darasa mtoto akacheka, akaziba mdomo.

"Somo lako ni zuri," mkaguzi alisema taratibu. "Futa nukta hizo, nami nitakufaulisha."

Naipanoi alichukua kifutio, akakiweka juu ya meza mbele yake. "Kifutio ni hiki, bwana. Mimi sifuti."

Mkaguzi hakukigusa. Alitoka, na cheti hakikutolewa.

Nyumbani, Lesikar alimsikiliza mpaka mwisho.

"Huyo amiba ana ng'ombe wangapi, hata umpiganie hivyo?"

"Hana hata mmoja, baba."

"Na mwakani, wakikwambia ufute?"

"Sitafuta."

"Nilisema chuo kitakoma."

"Ulisema, baba. Nami nitakwenda."

Alirudi chuoni kwa miguu, bila baraka za baba yake, akashindwa mara ya pili kwa nukta zile zile. Mara ya tatu alikuja mkaguzi mwingine, ambaye aliitazama saa yake zaidi kuliko ubao wenye nukta na hakuuliza lolote. Naipanoi alipata cheti. Ila alitoka darasani amekasirika, kwa kuwa alikuwa amejiandaa kujibu.