Namba ya Kadi ya Chakula

Goretti alikuwa mkali tangu kwao Fizi, na kambini Nakivale mkimbizi mwenye hasira huitwa mkorofi. Shauri yao! Mwaka 2009 alipoajiriwa na watafiti kuwauliza vijana maswali ya afya, nani anakunywa pombe, nani amepima damu, nani anajikinga, akawakuta wote watakatifu. Wasiwe watakatifu vipi, na baba ameketi pale pale ametega sikio? Goretti akaanza kuwatoa wazazi nje. "Mutupishe kidogo, hii ni kazi, haiko ibada."

Basi midomo ikafunguka. Vanessa, binti wa miaka kumi na saba, mtoto wa mhubiri Léopold, alisita.

"Baba akijua, ataniua."

"Hakuna mutu atajua. Jina siandiki."

Ndipo binti akasema kwamba anachoma sindano ya kuzuia mimba.

Na kweli jina halikuandikwa. Lakini kwenye kona ya karatasi Goretti aliandika namba ya kadi ya chakula ya nyumba ile, kama alivyofanya kwenye karatasi zote sitini. Kambini nani hajui? Karatasi isiyo na namba ya kadi haisomwi na mtu, hata ukiomba sanda ya maiti. Miaka kumi na miwili ya foleni ilikuwa imemzoesha, mkono ukaandika wenyewe.

Aliikumbuka namba ile wiki mbili baadaye akisonga ugali. Mungu wangu! Akaacha mwiko ndani ya sufuria, akaenda mjini Mbarara, kwenye ofisi ya utafiti kule mtaa wa Nyamityobora. Mkubwa wa kazi, Zuhurah, akamkaribisha kwa soda.

"Mama, wewe umefanya kazi muzuri sana! Wengine hawakuweka namba. Kwa namba yako tumepata simu za wazazi. Wale watoto wako kwa hatari, tumeita wazazi wao, tuwasaidie."

"Wazazi gani?"

"Saba tu. Hata yule pasta alikuja jana, akashukuru sana."

Goretti akainuka. Akaivamia meza zilipokuwa karatasi zake, akaanza kuchana kona zake, moja baada ya moja, huku akifoka: "Musomi muzima! Ulimuita baba yake? Baba yake!" Zuhurah akapiga kelele, askari wakaja, wakamtoa nje kwa mabega. Kazi ikaishia hapo, wala hakuijutia.

Jioni, kambini, alimkuta Vanessa kwenye kibaraza cha jirani, nguo zake zote ndani ya mfuko wa plastiki, mdomo umevimba, nywele zimenyolewa ovyo.

"Mama Goretti, ulisema hakuna mutu atajua."

Njia nzima alikuwa na matusi ya kumtosha Zuhurah na Léopold wote wawili. Sasa akafungua kinywa, na kilichotoka ni hiki:

"Jina yako sikuandika, mwanangu."

Akajisikia akisema hivyo, akatamani ajizabe kofi.