Nani Kampinda Mjukuu Wangu

Siku nilipouona mgongo wa mjukuu wangu nilidhani nimekamata mwizi. Alikuwa ameinama anapiga deki sebuleni, nami nimekaa mlangoni nachambua mchele wa Igunga. Nikaona upande wa kulia wa mgongo wake umetuna chini ya blauzi, kama mtu aliyeficha kitu. Asubuhi hiyo maandazi yangu yalikuwa yamepungua. Nikamwambia atoe hilo andazi. Akasema hana andazi. Nikanyanyuka, nikalishika. Lilikuwa gumu, na lilikuwa la moto, na lilikuwa yeye mwenyewe.

"Bibi," akasema bila kuinuka, "hizo ni mbavu zangu. Ziachie."

Nikamsimamisha. Akisimama, kinundu kinapotea, ila bega moja liko juu ya jingine na kiuno kimebonyea upande mmoja. Akiinama, kilima kinarudi. Wala mgongo haumuumi. Alikuwa na miaka kumi na miwili, ndiyo kwanza anarefuka, kila nikimshonea sketi inageuka kuwa ya mdogo wake.

Mimi shule niliishia darasa la tatu, lakini migongo naijua. Sisi Wanyamwezi ndio tuliobeba pembe za ndovu kutoka huku mpaka pwani, kwa mabega na kwa miguu, na sijasikia babu aliyefika Bagamoyo amepinda. Nikaona dawa ni mzigo. Nikamtwisha ndoo ya maji kichwani azunguke uani, mgongo ujinyooshe wenyewe. Alizunguka vizuri. Mgongo ulibaki vile vile, ila uani hapakuwa na vumbi tena.

Habari zikamfikia mkwe wangu, bibi yake mzaa baba. Huyo anakaa Sikonge, ana mizinga ya nyuki na ulimi uliotoka humo humo. Akapanda basi na dumu la asali. Akamwinamisha mtoto, akampapasa, kisha akauliza ni nani aliyembeba alipokuwa mchanga. Alijua vizuri sana ni nani. Wazazi wake wanafanya kazi Kahama, na mtoto ninaye mimi tangu hajaota meno. Akasema basi ni mbeleko. Nilikuwa nalifunga fundo upande mmoja, mtoto akakulia upande.

Nikamwambia watoto wangu wote walikulia kwenye mgongo huu huu, na hakuna aliyetoka kama upinde. Atazame kwao. Mume wake anatembea kama mtu anayechungulia dirisha la jirani. Akasema mume wake alianguka mtini akifuata asali. Nikasema ndiyo, na aliuangukia ukoo mzima.

Kesi ikafunguliwa hapo. Kila mgeni aliyeingia kwangu Chemchem, hapa Tabora, aliletewa ushahidi kabla ya chai. Njoo mama, inama, mgeni aone. Mtoto anaacha hesabu zake, anakuja, anainama. Mimi naonyesha kuwa kilima kinaanzia juu begani, mahali ambapo mbeleko haifiki. Mkwe naye, kila akija, anaonyesha kinavyoteremka mpaka penye mbeleko. Jirani yetu fundi viatu aliitwa akiwa na kiatu cha mtu mkononi. Akatazama, akasema Mwenyezi Mungu ndiye fundi, akarudi kwenye kiatu chake. Mama mmoja wa kwaya yetu alinipa haki mimi, ingawa alikuwa anakula michembe yangu ya viazi vikavu.

Mwisho mama yake akapiga simu kutoka Kahama, akasema tuache ubunge, mtoto apelekwe hospitali. Tukaenda wote watatu, maana hakuna aliyetaka mwenzake atoe maelezo peke yake.

Daktari alikuwa binti mdogo. Akatuamkia shikamoo, tukaitika marahaba kwa pamoja, kila mmoja akivuta yake imalizike mwisho. Akamwomba mtoto ainame, akamtazama, akampeleka kupigwa picha. Picha ilipowekwa kwenye taa nikauona uti wa mgongo wa mjukuu wangu, pingili juu ya pingili, unakwenda kama njia ya baiskeli msituni inayokwepa visiki.

Daktari akasema si mbeleko. Si ndoo, si begi la shule, si kukaa vibaya. Watoto wengine, wasichana zaidi, wakifika umri wa kurefuka pingili hupinda na kujizungusha, ndiyo maana mbavu za upande mmoja huinuka. Kwa wengi sababu haijulikani. Mara nyingine hutembea kwenye ukoo. Tukauliza kwa sauti moja, ukoo upi?

"Bibi zangu," akasema, "hakuna aliyempinda."

"Hata kidogo?" mkwe akauliza, huku ananitazama mimi.

"Hata kidogo."

Tulishindwa wote wawili, na kushindwa wote wawili hakuna ladha.

Kisha akaongea lile zito. Mtoto bado anakua, na mpindo unaweza kukua naye. Ukizidi sana, itabidi apasuliwe mgongo na kuwekewa vyuma. Ili usizidi, avae koti gumu la plastiki mchana na usiku, avue wakati wa kuoga na wa mazoezi atakayofundishwa, mpaka amalize kurefuka. Mkwe akauliza kama kuchua kwa asali hakutanyoosha. Daktari akasema asali tutie kwenye chai.

Koti tulilifuata Mwanza. Fundi akamzungushia mtoto plasta mwilini kama anakandika nyumba, akapata umbo lake, akatengeneza gamba jeupe lenye mikanda. Ukiligonga linalia ko, ko. Tukarudi nalo Tabora Oktoba, jua la kukaangia karanga, na mtoto akalivaa juu ya fulana bila kulalamika. Nikasema huyu ametoka kwangu.

Basi kuku wangu mwekundu akaacha kutaga kwenye kikapu chake. Nikamfuatilia nyuma ya banda. Nikamkuta amekaa ndani ya gamba la mjukuu wangu, limelazwa chali juu ya majani, na mayai yake chini. Kumbe mtoto alikuwa anaaga kila asubuhi amelivaa, anapita nyuma ya banda, analivua, anakwenda shule. Kuku ndiye aliyekuwa anatibiwa.

Alivyorudi mchana alinikuta nimelishika mkononi. Nikamuuliza kama anautamani huo upasuaji. Nikamuuliza watoto wenzake wanamwitaje. Akasema walimwita kobe, wakachoka, siku hizi wanaomba kuligonga tu. Linabana? Linabana, amezoea. Joto? Kila mtu ana joto. Sasa ni nini?

"Ni nyinyi, bibi. Kila mgeni akija naitwa niiname. Nikiwa nimelivaa mnasema nilivue kwanza, aone vizuri. Nikaona nilivue moja kwa moja, niwapunguzie kazi."

Kwetu bibi na mjukuu ni watani. Yule ni mke mwenzangu, tunagombania babu yake mpaka leo na babu yuko kaburini. Siku hiyo nilitazama mayai.

Akanipa sharti. Atalivaa usiku na mchana, ila mgongo ni wake. Hainami kwa mgeni, na hasimuliwi kwa mgeni.

"Ukimsimulia mtu, namrudishia kuku nyumba yake."

Mkwe alipokuja tena hata viatu hakuvua, akaita mtoto aje ainame. Nikamwambia mtoto hainami. Akauliza tangu lini. Nikamwambia kama ana hamu ya kuona mtu ameinama, nitainama mimi. Akasema kwangu hakuna jipya la kuona. Lakini mtoto mwenyewe alipomsimulia habari ya kuku, akaimimina asali kwenye chupa, na mgongo hakuutaja.

Miezi ikapita, tukarudi kupiga picha. Nilitazama kabla ya daktari, nikaona njia ile ile ya baiskeli. Nikamuuliza mbona haijanyooka. Akasema gamba si pasi, kazi yake ni kuzuia. Mpindo haukuongezeka, na mtoto amerefuka sana. Akiendelea hivi, kisu hakitamgusa. Mjukuu wangu akacheka mpaka mikanda ikalia.

Nilirudi nyumbani na habari hiyo kifuani kama mtu aliyemeza kaa la moto. Kunyamaza ubaya nilishajifunza. Kunyamaza sifa sikufundishwa na mtu. Na jioni ile ile akaja yule mama wa kwaya, akaketi, akamtazama mtoto anavyomimina chai amenyooka kama mlingoti, akasema, "Mwali wako siku hizi ana maringo."

Nikajaza michembe mdomoni. Nikatafuna, nikaongeza mingine. Mtoto akaweka birika chini, akaligonga gamba, ko, ko.

"Si maringo, mama, ni koti la mgongo wangu. Linausimamia mpaka nimalize kukua, na leo daktari kasema linaweza." Halafu akanigeukia, akaniona nilivyovimba mashavu. "Haya, bibi, usije ukakabwa. Neno moja tu."

Nikameza, nikasema neno moja. Yule mama aliondoka taa za barabarani zikiwaka, na neno hilo sijalimaliza.